Shinyanga hakuna farasi, punda wapo

Wadau, nimepotea kama wiki mbili hivi. Nilikuwa Shinyanga kwa wajomba zangu, kijijini, kule ambako ukitaka simu ishike mtandao unapanda juu ya kichuguu. Nimerudi na habari ambayo gazetini haiwezi kutoka, maana haina waziri ndani yake. Kwa hiyo naiweka hapa.

Ilianzia ofisini. Kabla sijasafiri nilikuwa nasoma kuhusu hospitali za Ulaya na Marekani ambako watu wazima wenye magonjwa ya akili wanatibiwa kwa msaada wa farasi. Nikamwambia mhariri wangu kwamba hii ni makala. Akacheka mpaka akavua miwani. "Dogo, farasi wako polisi na kwenye sinema. Wewe unakwenda Kanda ya Ziwa, niletee habari ya wachimbaji."

Nikaenda kutafuta wachimbaji. Lakini kichwani nilikuwa na mjomba wangu, na mtaona kwa nini.

Kwanza tuelewane hiyo tiba ni kitu gani, maana wengi tukisikia farasi tunafikiria kupanda na kukimbia. Mara nyingi mgonjwa hapandi kabisa. Anampiga brashi, anamlisha, anamwongoza kwa kamba kuzunguka uwanja. Pembeni yupo mtaalamu wa afya ya akili, na yupo mtu anayewajua farasi. Farasi kwa asili ni mnyama wa kuwindwa, hivyo anausoma mwili wa aliye mbele yake kuliko sisi tunavyosomana. Ukimwendea na hasira anarudi nyuma. Ukitulia, anasogea. Mtu ambaye kila siku anaambiwa "wewe mgonjwa, kaa pale" anapata jibu la papo hapo kutoka kwa kiumbe asiyejua kama ana cheti cha hospitali.

Wazungu wenyewe wanapenda kuanza historia hii na Lis Hartel, mama wa Denmark aliyepooza kwa polio mwaka 1944 na bado akashinda medali ya fedha ya mchezo wa farasi katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Huyo alikuwa na ugonjwa wa mwili. Kwa upande wa akili utafiti ni mchanga na mwingi ni mdogo mdogo. Ulionishika zaidi ulifanyika katika hospitali ya Greystone Park, New Jersey, ukachapishwa mwaka 2015. Wagonjwa 90 waliokuwa wamekaa wodini muda mrefu, wengi wao wenye historia ya vurugu, waligawanywa makundi manne: wengine farasi, wengine mbwa, wengine mafunzo ya kuishi na watu, wengine huduma ya kawaida. Waliokuwa na farasi ndio waliopunguza ugomvi zaidi. Utafiti mmoja haujengi nyumba, najua. Lakini unatosha kumfanya mtu aulize: kwetu je?

Kwetu farasi ana historia fupi na ya huzuni. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili. Mmoja alikuwa zawadi ya Sultani Barghash. Hawakufika mbali. Walipofika Kingaru, siku chache tu kutoka pwani, wote wawili walikufa ndani ya muda mfupi. Stanley akamzika yule wa Sultani, na hapo mkuu wa kijiji akaja juu: umezika mnyama wako kwenye ardhi yangu bila ruhusa, nataka faini ya doti mbili za merikani. Stanley akamjibu kwamba basi atawaamuru askari wake wamfukue, wamwache juu ya ardhi kama alivyoangukia. Mkuu akafikiria harufu, akaona bora yaishe. Mimi katika kitabu kizima cha Stanley huyu mzee ndiye ninayempenda kuliko wote.

Tusimsingizie mbung'o kwa kifo cha yule farasi, maana Stanley mwenyewe alimpasua tumbo akakuta minyoo. Lakini kwa sehemu kubwa ya nchi hii aliyefunga mlango ni mbung'o. Anabeba vijidudu vya nagana, ambavyo David Bruce alivitambua kule Zululand mwaka 1895, na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaokufa haraka sana kwa nagana. Akinusurika hapo kuna ugonjwa mwingine unaoenezwa na usubi, ambao unaweza kuua farasi tisa katika kumi. Punda wetu huo wa pili wanaustahimili. Pundamilia hata habari hana. Ndiyo maana Wajerumani, baada ya kuchoka kuzika farasi, walijaribu kufuga pundamilia karibu na Kilimanjaro wawafanye wanyama wa kupanda na kuvuta. Pundamilia wakakataa ukoloni.

Sasa Shinyanga. Wangapi mnajua kwamba mji huu uliwahi kuwa makao makuu ya utafiti wa mbung'o ya Tanganyika nzima? Mwingereza Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa wanyamapori wa Tanganyika, aliweka kambi yake Old Shinyanga, na kuna aina ya mbung'o inayobeba jina lake mpaka leo, Glossina swynnertoni. Kuanzia miaka ya 1920 machifu wa Kisukuma na serikali waliwatoa watu kwa maelfu kwenda kukata vichaka ili mbung'o akose kivuli. Watu walikata kweli kweli. Swynnerton mwenyewe alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege, lakini kazi ilikuwa imekwisha shika. Ng'ombe wakaongezeka, miti ikaisha, na miaka ya 1980 Shinyanga ikawa inaitwa jangwa la Tanzania, mpaka mwaka 1986 ulipoanza mradi wa HASHI kurudisha ngitili. Hiyo ni makala nyingine, nitaiandika.

Ninachotaka mkione hapa ni hiki. Mbung'o huyohuyo aliyemzuia farasi anawapa watu malale. Mwaka 1922 ugonjwa huo ulilipuka Maswa, ambayo siku hizi iko mkoa wa Simiyu lakini kwa miaka mingi tumeihesabu Shinyanga. Malale yakifika kwenye ubongo mtu anabadilika. Analala mchana, anakesha usiku, anakuwa mkali kwa watoto wake, anaongea visivyoeleweka. Jirani asiyejua atasema nini? Atasema amerogwa, au amekuwa kichaa. Kwa hiyo watu wa huku walipigana na nzi mmoja aliyeua wanyama wao na kuvuruga vichwa vyao kwa wakati mmoja, na walimpiga kwa shoka.

Nilipokuwa nawaza hivyo nikajua farasi siyo wa kumsubiri. Swali zuri zaidi ni je, wazo lenyewe, la mgonjwa wa akili kupewa mnyama wa kumtunza, liliwahi kufika huku?

Lilifika. Na lilifika mapema kuliko nilivyodhani.

Kule Bielefeld, Ujerumani, kulianzishwa mwaka 1867 nyumba ya kutunza wenye kifafa. Ikaja kuitwa Bethel, ikakua ikawa kama mji. Imani yao ilikuwa kwamba mgonjwa asilazwe tu akitazama dari. Apewe shamba, karakana, mifugo. Vitabu vinavyosimulia historia ya tiba kwa msaada wa wanyama karibu vyote vinaitaja Bethel. Sasa, mashemasi waliolelewa katika utaratibu huo ndio waliokuja Usambara. Mwaka 1896 ilifunguliwa Lutindi, juu milimani upande wa Korogwe, kuwa makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mwaka 1904 Lutindi ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Inatajwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki yote. Ipo mpaka leo chini ya Kanisa la Kilutheri, na kazi za mikono na shamba bado ni sehemu ya matibabu yake.

Nisiwachoree picha ya malaika. Mwaka uliofuata Maji Maji ililipuka, na mkoloni yule aliyekuwa anampa mgonjwa jembe Lutindi alikuwa anawatandika wazima viboko ili walime pamba yake. Mtu mweusi akilima bure kwenye kilima cha mzungu, nani atatofautisha tiba na shokoa? Wagonjwa wa wakati ule hawakuachiwa kalamu watueleze. Hata hivyo naona kuna kitu pale. Mtu aliyefungwa kamba kijijini kwao, Lutindi alikuwa na mahali pa kwenda asubuhi.

Waingereza walikuja na Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Mwaka uliofuata reli kutoka Tabora ikafika Mwanza ikipitia Shinyanga, na Dodoma ikawa inafikika kwa behewa. Mirembe imetibu watu wengi mno, na leo ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, lakini tumeigeuza tusi. Nani kati yenu hajawahi kumwambia rafiki yake "wewe wa kupelekwa Mirembe"? Mimi nimesema shuleni mara nyingi, kabla halijafika nyumbani.

Baada ya uhuru tulijaribu kitu ambacho siku hizi hatukizungumzi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi hii ilianzisha vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa wa akili waliopata nafuu. Kimoja kinachojulikana ni Vikuruti, nje ya Dar es Salaam. Ilikuwa roho ya ujamaa: mgonjwa alime, afuge, arudi kuwa mtu kati ya watu. Mnigeria Thomas Lambo alikuwa amekwisha onyesha njia inayofanana na hiyo pale Aro, Abeokuta, tangu mwaka 1954, akiwapangisha wagonjwa katika nyumba za wanakijiji huku ndugu mmoja akiwa pamoja nao. Kwa hiyo hili siyo jambo la Wazungu na farasi zao peke yao. Sisi tulikuwa nalo kwenye jembe na zizi, na lingine tulikuwa nalo hata kabla ya hapo, maana huku Usukumani mgonjwa kukaa miezi kwa mganga, akilima na kuchota maji pale pale, ni jambo la kawaida. Wapo waganga wanaofunga watu minyororo pia. Nimeiona, siandiki ya kusikia.

Niliiona kwa mjomba.

Mjomba, mdogo wake mama, aliondoka kwenda Geita nikiwa shule ya msingi. Dhahabu ya Geita haikuanza na makampuni ya juzi. Mgodi wa mkoloni ulifunguliwa miaka ya 1930 ukafungwa mwaka 1966, na huu mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Kati na pembeni ya hiyo migodi ndipo wanapoishi wachimbaji wadogo. Mjomba alianzia kwenye duara, akashindwa na hewa ya chini, akahamia kwenye karasha na kuosha. Huko kazi ni kuchanganya zebaki na unga wa mawe kwa mikono mitupu, kisha kuchoma lile donge kwenye kibati ili zebaki ipae ibaki dhahabu. Moshi wake hauonekani vizuri. Unaingia tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa waliwapima watu wa Rwamagasa, Geita, wakakuta dalili za sumu ya zebaki, hasa kwa wachomaji. Zebaki ya moshi hutetemesha mikono, hukata usingizi, hula kumbukumbu, na humfanya mtu mpole awe na hasira au aogope watu.

Mjomba alirudi mwaka 2013 akiwa hivyo. Ilikuwa zebaki? Ilikuwa ugonjwa ambao ungempata hata angebaki kulima mpunga? Hakuna aliyempima damu, na mimi sitajifanya daktari. Nyumbani walisema ametupiwa kitu na mshirika wake wa duara. Akapelekwa kwa mganga. Nilipokwenda likizo nilimkuta amefungwa mguu kwenye mti, na kovu lile analo mpaka leo. Bibi ndiye aliyekataa. Akasema mwanangu siyo ng'ombe mkorofi, akamtoa, wakapanda gari kwenda hospitali. Mjomba akaanza dawa.

Dawa zilimtuliza. Hilo nalisema wazi ili mtu asisome hapa akaenda kumwachisha mgonjwa wake vidonge. Lakini zilimtuliza akawa kama kiti. Anakaa, analishwa, analala. Kwenye ng'ombe hakuruhusiwa, maana wazee walisema atawapoteza, na kwa Msukuma mwanaume anayekatazwa kugusa ng'ombe unajua amewekwa wapi.

Bibi akampa punda. Jike moja, la kijivu, lenye sikio lililochanika. Hakusoma popote kuhusu New Jersey. Alikuwa anahitaji maji, na punda hakuna anayegombea heshima yake. Mjomba akawa anaamka alfajiri, maana yule punda asipofunguliwa anapiga kelele kijiji kizima. Anafunga madumu manne, wanakwenda lambo, wanarudi. Akaanza kumsema. Baadaye akaanza kusema na watu waliokuwa wanamwita lambo, "Mwangaluka!", na yeye anaitikia. Kufikia mwaka 2015 alikuwa anachotea majirani maji kwa malipo na anazihesabu hela mwenyewe. Vidonge alikuwa anavimeza kwa saa ya punda: akirudi safari ya kwanza, kimoja.

Mnakumbuka miaka ile Shinyanga ilivyokuwa na machinjio ya punda? Ngozi zilikuwa zinakwenda China, zinachemshwa kutoa gundi ya dawa inayoitwa ejiao. Bei ya punda ikapanda kuliko tulivyowahi kusikia. Na punda siyo sungura, anabeba mimba karibu mwaka mzima na anazaa mtoto mmoja, kwa hiyo wakiisha wameisha. Mwaka 2017 nilikuwa kidato cha nne na kulikuwa na ada. Wajomba wakakaa kikao. Punda akauzwa.

Sehemu ya ile hela ililipa ada yangu. Sikujua mpaka mwaka juzi.

Mjomba hakupiga mtu wala hakuvunja kitu. Alikwenda lambo na dumu moja kichwani siku tatu, siku ya nne hakwenda. Vidonge vikasahaulika, kwa sababu ile saa yake ilikuwa imekwenda machinjioni. Akarudi hospitali mara mbili kabla sijamaliza kidato cha sita.

Mwaka 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya ngozi za punda kwa miaka 10, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia bara zima kwa miaka 15. Katika mijadala yote niliyosoma wanahesabiwa wanawake wanaobeba maji na wakulima wenye mikokoteni, na ni haki yao. Mtu kama mjomba sikumwona. Uingereza mama mmoja, Elisabeth Svendsen, alianzisha hifadhi ya punda Devon mwaka 1969, akaja kuwaletea watoto wenye ulemavu wapande punda wale, na leo shirika lake linapigana na biashara hiyohiyo ya ngozi. Huko wanaelewa kwamba punda naye anaweza kazi ya farasi. Kanda ya Ziwa punda wapo na migodi ipo, na hospitali zetu zina wagonjwa wanaopewa vidonge na tarehe ya kurudi, basi. Chuo gani kimewahi kutuma mwanafunzi wa saikolojia akae lambo mwezi mmoja na daftari?

Mshahara wangu wa kwanza wa maana ulikwenda Shinyanga kwa simu. Bibi hakuuliza wa nini. Safari hii nimemkuta punda zizini, dume, mdogo bado, mjeuri, hajazoea madumu. Mjomba amenenepa kidogo na mikono bado inatetemeka. Nikamwambia kuna nchi wagonjwa wanatibiwa kwa farasi. Akaniuliza farasi anakula nini. Nikamwambia majani, na nafaka, na anahitaji banda, na daktari wake. Akatikisa kichwa.

"Huyo ni mgonjwa mwenyewe," akasema.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri akanigongea dirisha. Dume lilikuwa limegoma kutoka zizini na alitaka mtu wa kulisukuma nyuma. Nikasukuma mimi, mwandishi wa habari, kwa mabega yote. Halikutoka. Mjomba akanisogeza pembeni, akasimama mbele yake bila kulishika, akageuka, akaanza kutembea kuelekea lambo kama vile hana shida nalo. Likamfuata.